Mgongo kwa Uwanja

Amri ilikuwa fupi: uso kwa watu, mgongo kwa uwanja.
Tharakan, msimamizi, aliirudia mara mbili
akinifunga kizibao cha njano
kilichoandikwa USALAMA kwa Kiarabu
mahali nisipoweza kujisoma.

Hivyo fainali nzima, ova hamsini kwa hamsini,
pale Amerat, milima imekaa uchi pande zote,
mimi Makokha niliitazama katika nyuso.

Si kazi ngumu ukishaizoea.
Nne huja kwa mabega.
Sita huja kwa videvu: hupanda vyote pamoja,
hukaa juu, hukaa,
ndipo midomo hufunguka.
Wiketi huja kwa mikono; upande mmoja hurushwa hewani,
upande wa pili hushika vichwa
kama watu waliopigiwa simu ya msiba.
Na mpira usiozaa kitu, ulio mwingi kuliko yote,
huja kama watu wanaosubiri lifti.

Macho hayana pazia, walisema.
Yangu yalishonewa, kwa mkataba wa miaka miwili.

Kushoto walikaa wageni:
wapaka rangi, wafunga nondo, wapishi wa kambi za Misfah,
waliouza zamu zao ili waipate Ijumaa hii moja.
Mmoja alikuja na hotpoti ya wali
akaipakata kama mtoto, asiifungue.
Kulia wenyeji, kofia za kutarizi,
bendera mashavuni mwa watoto,
na mama mmoja wa miwani minene,
Kiswahili chake cha Unguja kikiaibisha changu,
aliyenitupia ganda la njugu:
"We mwana, geuka japo kidogo. Nani atakuona?"
"Kamera, mama."
"Kamera inatazama mpira, baba.
Wewe hakuna anayekutazama."
Alisema kweli,
na kweli ile ilinichoma kuliko jua la saa tisa.

Taa zikawashwa. Nondo wakaja.
Mpira mmoja ukabaki, mbio tano zikitakiwa.
Nilihesabu kwa vidole vya yule wa wali,
vitano, akivikunja na kuvikunjua.

Nikasikia miguu ya mrushaji, mbali, ikiongeza kasi.
Kisha ko.
Videvu vikapanda.
Vikapanda.
Kisha macho yakaanza kushuka,
na hapo damu yangu ikasimama,
yakashukia kwangu.

Watu elfu nne wananitazama mimi.
Sikutazamwa hivyo siku ya harusi yangu,
wala asubuhi ile ya kuaga, stendi ya Webuye.
Nyuma ya kisogo viatu vilikuwa vinakula nyasi,
pumzi ya mtu, neno la Kiarabu lililokatika katikati,
halafu viganja: pa,
laini, kama mtu anayeua mbu gizani.

Amedaka. Lakini kisigino, kimegusa kamba?
Wakaniuliza wote, kila mmoja kwa lugha ya mamake:
umeona? wewe si ulikuwa hapo?
Nilikuwa hapo. Karibu kuliko refa, karibu kuliko kamera.
Na kamba ilinigusa kifundo cha mguu.
Au ulikuwa upepo.
Nilinyanyua mikono: sijui.

Mwanga wa skrini kubwa ukawapaka nyuso buluu,
buluu, buluu, kwa muda mrefu,
kisha kushoto kukalipuka.
Wali ulimwagika kwenye ngazi, hakuna aliyeujali.
Mama yule alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shela,
akaivaa tena, akaifuta tena.

Saa sita usiku ndipo nilipogeuka.
Nyasi. Mvulana anang'oa vijiti.
Kwa kweli ni padogo kuliko nilivyodhani.

Kwenye simu Nafula akauliza nani alishinda.
Nikamwambia: wa kushoto.
Wanaitwaje?
Nikamweleza kuhusu yule mwenye wali.